Kabla Hujanunua Nyumba, Tazama Choo na Kisima



Huenda utauliza: ukurasa wa afya una habari gani na kununua nyumba? Madalali wapo, mafundi wapo, wenyeviti wapo. Mganga wa zahanati anatafuta nini hapo?

Jibu lake ni fupi. Kila masika sisi wa zahanati hupokea watoto wanaoharisha, wenye homa na wenye vikohozi. Tukiuliza wanakaa wapi, mara nyingi ugonjwa umo ndani ya jibu. Nyumba iko bondeni. Choo kimefurika. Kisima kiko nyuma ya choo cha jirani. Na mara nyingine nyumba hiyo imenunuliwa mwaka huo huo, kwa fedha za korosho, za mananasi au za mwani zilizowekwa kidogo kidogo kwa miaka mingi. Akiba imekwisha kwenye nyumba, na sasa fedha ya kukopa inakwenda kwenye nauli na dawa.

Kwa hiyo somo letu la leo ni hili. Bei ya nyumba si ile tu anayoitaja muuzaji. Ongeza gharama ya kuifanya nyumba hiyo iwe ya afya. Ongeza tena gharama ya kuhakikisha kwamba ni yako kweli. Ukishajumlisha hayo matatu, ndipo utajua kama unaiweza au huiwezi.

NENDA BAADA YA MVUA

Watu wa pwani hupata fedha baada ya kuuza korosho, na wengi hutafuta nyumba mwezi wa Januari au Februari. Wakati huo jua ni kali na ardhi ni kavu. Kila nyumba inapendeza. Lakini nyumba ya Januari si nyumba ya Aprili. Masika yetu huanza Machi na kumalizika Mei, na hapo ndipo ardhi husema ukweli.

Kama unaweza kusubiri, subiri. Nenda ukaione nyumba siku ya pili baada ya mvua kubwa. Tazama maji yamekwenda wapi. Kama huwezi kusubiri, soma kuta. Mstari wa rangi ya udongo unaozunguka nyumba kwa chini ni alama ya maji. Chokaa iliyopakwa juzi kwa chini tu, huku juu ni ya zamani, pia ni alama. Kisha waulize kina mama wa nyumba za jirani. Usimwulize muuzaji peke yake. Kina mama ndio wanaokomba maji yakiingia ndani, kwa hiyo hawasahau.

Hapa kwetu mto Ruvu humwaga maji yake baharini kaskazini ya mji wa Bagamoyo. Kabla ya kufika huko hupita katika nchi tambarare, na mvua zikizidi hutapakaa. Ardhi hiyo ni nzuri kwa mpunga. Kwa kitanda na godoro haifai, hata ukiuziwa kwa bei ya chini. Wenzetu wa Dar es Salaam wanajua jambo hili. Mwezi Desemba 2011 mvua kubwa ilijaza bonde la Msimbazi, watu wakafa na nyumba zikaharibika. Serikali ikawahamishia wengi wao Mabwepande, huko juu kaskazini ya jiji. Wapo waliokuwa na nyumba zao wenyewe bondeni. Walianza upya katika mahema.

CHOO

Mnunuzi mwingine huona haya kuomba kuonyeshwa choo. Hukaa sebuleni, hunywa chai, husifu dari, kisha huondoka. Ndugu yangu, omba choo kabla ya chai.

Chukua kamba ndefu, ifunge jiwe, uiteremshe shimoni mpaka jiwe liguse uchafu. Vuta kamba, upime. Kama kutoka sakafu ya choo mpaka uchafu ni nusu mita tu au pungufu, choo hicho kimejaa. Hununui nyumba yenye choo. Unanunua nyumba isiyo na choo. Sasa tazama kiwanja: ipo nafasi ya kuchimba shimo jingine? Viwanja vingi vya mjini, hasa vile vilivyokatwa katikati ya ndugu, havina nafasi hiyo. Hapo utalazimika kulipa gari la kunyonya majitaka kila mara, na gari lenyewe lazima lipate njia ya kupita.

Kisha sikiliza jiwe lilipofika chini. Je, lilitua au lilitumbukia majini? Karibu na bahari maji ya ardhini hayako mbali. Shimo likigusa maji hayo, uchafu huanza kusafiri chini kwa chini mpaka kwenye visima. Ndiyo sababu tunafundisha kwamba chini ya shimo ibaki angalau mita 2 za udongo kabla ya kufika maji, tena maji ya wakati wa masika, si ya kiangazi. Mahali ambapo haiwezekani, choo hujengwa kwa kuinuliwa juu ya ardhi kwa matofali na saruji. Kazi hiyo ina gharama. Iandike.

Shimo lenye maji lina ubaya mwingine ambao watu wengi hawaujui. Mbu wanaoeneza matende na mabusha hapa pwani hupenda kuzaliana katika maji machafu ya vyoo. Huko Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga punje nyepesi za plastiki juu ya maji ya mashimo ya vyoo. Punje zikaelea, zikafunika maji, mbu wakakosa pa kutagia na kupumulia. Watu wa kijiji walipewa pia dawa ya ugonjwa huo. Mbu wakapungua sana. Basi ukiona mbu wanatoka kwa wingi katika tundu la choo wakati wa jioni, umeona sababu ya kupunguza bei.

Wazee watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, redio ikisikilizwa katika vikundi na watu wakichimba vyoo kijiji kizima. Shabaha ilikuwa hii hii. Na kipindupindu kilichoanza Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 na kuenea mikoani kilituonyesha tena kwamba choo kibovu cha mtu mmoja ni ugonjwa wa mtaa mzima.

Kwa hiyo usitazame choo cha muuzaji tu. Pima pia kutoka kisimani mpaka kwenye vyoo vya majirani wote. Umbali uwe mita 30 au zaidi. Kama huna futi ya kupimia, hesabu hatua 40 kubwa za mtu mzima. Kisima kiwe upande wa juu, vyoo viwe upande wa chini. Jirani huwezi kumhamisha, wala choo chake. Kama kiko hatua 12 kutoka kisimani kwako, maji hayo ni ya kufulia, na ya kunywa utayatafuta kwingine.

MAJI YA KUNYWA

Omba kikombe cha maji ya kisima, uonje kidogo tu na kuyatema. Visima vingi vya karibu na pwani vina chumvi, na vingine huzidi chumvi kiangazi kinapokuwa kirefu au watu wanapoyavuta sana kwa mashine. Uliza maji yakoje mwezi wa Septemba. Kama lipo bomba, fungua mwenyewe, usitosheke kuliona limesimama. Uliza maji hutoka siku ngapi kwa wiki. Dai pia kuonyeshwa karatasi ya mwisho ya malipo, maana deni la maji la mwenye nyumba wa zamani linaweza kukusumbua wewe.

Paa la bati ni kisima cha juu. Hesabu yake ni rahisi: mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Paa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8 ni mita za mraba 80. Mvua ya milimita 25, ambayo wakati wa masika huweza kunyesha kwa siku moja, itakupa karibu lita 2,000. Unahitaji mifereji na tanki lenye mfuniko. Acha mvua ya kwanza ioshe paa. Bila mfuniko utakuwa umejenga bweni la mbu.

KUTA NA PAA

Hapa sitasema mengi, fundi mwaminifu ataona kuliko mimi. Mlipe nusu siku aje nawe. Lakini jambo moja la pwani ulijue. Wapo wajenzi wanaofyatua matofali kwa mchanga wa bahari na maji ya chumvi kwa sababu havina bei. Chumvi hiyo hula nondo na kuifanya lipu imenyeke. Sugua ukuta kwa kiganja. Kama unapukutika kama unga na una ukungu mweupe, jua utalipa. Kama nyumba ni ya miti na udongo, chokonoa miti kwa kisu uone mchwa, hasa chini na kwenye kona.

Tazama pia mwanya kati ya ukuta na paa. Mbu wa malaria huingia kwa njia hiyo usiku, kuliko hata mlangoni. Mwanya unazibwa kwa matofali, au kwa wavu ili hewa ipite. Madirisha yawepo, yawe makubwa, yafunguke. Chumba kisicho na dirisha ambamo wanalala watu 5 ni mahali pazuri kwa kifua kikuu. Jiko liwe mbali na vyumba vya kulala, au moshi uwe na njia ya kutokea.

Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Bagamoyo zina kuta nene na baridi nzuri. Lakini nyingine ni za kihistoria. Kabla ya kununua waulize watu wa Mambo ya Kale ni kitu gani unaruhusiwa kubomoa au kubadili.

TUFANYE HESABU

Tuseme muuzaji anataka shilingi 12,000,000, nawe unazo 13,000,000. Unafurahi kwamba itabaki milioni moja. Sasa chukua kalamu. Tuseme choo kipya cha kuinuliwa kitagharimu 1,300,000. Mabati machache na mifereji, 800,000. Tanki, 500,000. Nyavu na kuziba mianya, 300,000. Mwanasheria, nauli za ofisini na nakala za karatasi, 300,000. Jumla ni shilingi 15,200,000. Umepungukiwa 2,200,000 na bado hujahama.

Hesabu hii si ya kukuvunja moyo. Ni silaha. Mwonyeshe muuzaji. Mwambie, "Mzee wangu, nyumba ni nzuri, lakini choo kimejaa na paa linavuja, hesabu yake hii hapa." Mtu aliyeshika karatasi yenye hesabu husikilizwa kuliko mtu anayesema tu "nipunguzie." Akikataa, hukupoteza kitu. Nyumba nyingine zipo.

Usiende kujaza pengo kwa mikopo ya mtaani ile inayoitwa kausha damu. Ukikopa 1,000,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, utalipa 100,000 kila mwezi. Baada ya miezi 12 umetoa 1,200,000, na ile milioni bado unadaiwa nzima. Chama cha akiba na mikopo ambacho wewe ni mwanachama ni afadhali sana, na hapo pia uliza kwanza: riba ni kiasi gani kwa mwaka mzima, na nikikwama mwezi mmoja mtachukua nini? Kama dhamana ni nyumba yenyewe, unaweza kuikosa.

Tena usimalize fedha yote. Weka kando ya kula kwa miezi 3 na ya ugonjwa. Nimeona watu wanakawia kumleta mtoto mwenye homa kali kwa sababu fedha yote imeingia kwenye bati. Malaria ya mtoto mdogo haingoji mavuno.

NI YA NANI?

Sasa tuje kwenye karatasi. Mtu mwingine atasema hili si la mganga. Lakini aliyenyang'anywa nyumba hurudi kupanga chumba kimoja na watoto 6, na hilo ni la mganga.

Nyumba nyingi za pwani ni za urithi. Baba amekufa, watoto ni 7, mmoja anauza. Huyo mmoja hawezi. Mdai akuonyeshe karatasi ya mahakama inayomtaja kuwa msimamizi wa mirathi, kisha uwaone warithi wengine kwa macho, hata yule aliyeko Tanga. Kama muuzaji ana mke au mume, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mama wa nyumba asipotokea siku ya kuuziana, ahirisha.

Usisahau minazi. Kwa desturi ya pwani ardhi inaweza kuwa ya mtu huyu na miti ikawa ya mtu yule. Utanunua kiwanja, kisha aje mzee na kapu lake kuangua nazi zake, naye ana haki. Uliza kila mti.

Kama nyumba iko katika ardhi ya kijiji, inatumika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Msimamizi wa ardhi ni Halmashauri ya Kijiji, si mwenyekiti peke yake na muhuri wake. Omba muhtasari wa kikao kilichokubali uhamisho huo, uusome. Kama ni kiwanja kilichopimwa na chenye hati, nenda ofisi ya ardhi uombe upekuzi. Upekuzi ni kukagua daftari la Serikali ili kuona jina la mwenye hati, na kama hati imewekwa rehani benki. Hati mkononi mwa muuzaji haitoshi.

Ofisi hiyo hiyo iulize kama eneo limetengwa kwa kazi nyingine. Zinga, Kiromo na Mlingotini yapo maeneo yaliyotwaliwa kwa mradi wa bandari na viwanda, ambao mkataba wake wa awali na Wachina ulitiwa saini mwaka 2013. Mazungumzo yake yalisimama mwaka 2019, lakini ardhi haikurudi kuwa ya kuuzwa na yeyote. Na ufukweni, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka bahari. Nyumba inayosikia mawimbi ni nzuri kwa masikio, basi.

SOMA MWENYEWE

Zamani mtu alisomewa karatasi, akatia dole gumba, akaenda nyumbani bila kujua alichokubali. Wewe umehitimu kisomo. Siku ya kuuziana ichukue karatasi mkononi, uisome polepole, kwa sauti, neno kwa neno. Wakikuharakisha, anza tena mwanzo. Karatasi iwe na maneno ya namna hii:

"Mimi ........ wa ........ nimemwuzia ........ nyumba yangu yenye vyumba ........ na kiwanja chake chenye urefu wa mita ........ na upana wa mita ........ Mipaka yake ni: kaskazini ........ kusini ........ mashariki ........ magharibi ........ Choo, kisima, minazi ........ na miembe ........ vimeuzwa pamoja na nyumba. Nyumba haina deni, rehani wala kesi. Bei ni shilingi ........ (kwa maneno ........). Leo nimepokea shilingi ........ Zimebaki shilingi ........ zitakazolipwa tarehe ........ Mke wangu/mume wangu ........ amekubali."

Weka sahihi kila ukurasa. Mashahidi watoke pande zote mbili, na majirani wa mipaka minne wawepo. Mwanasheria aishuhudie. Fedha ipitie benki au simu ili ibaki kumbukumbu, wala usilipe yote kabla ya kukabidhiwa. Akitokea mtu kudai asilimia 10 ya bei kwa sababu ya muhuri wake, mwombe akuandikie stakabadhi ya Serikali. Mara nyingi hapo ndipo hukumbuka kwamba ana safari.

KAZI YA KIKUNDI

Kabla ya darasa la wiki ijayo, kila mwanakisomo apime nyumbani kwake mambo mawili: hatua ngapi kutoka kisimani mpaka choo kilicho karibu, chake au cha jirani, na nafasi iliyobaki katika shimo la choo kwa kutumia kamba na jiwe. Andika tarakimu hizo katika daftari. Darasani chagueni nyumba moja mnayoijua, ijadilini kama wanunuzi, na mfanye hesabu yake yote ubaoni. Wasioelewana katika hesabu ya choo waende pamoja wakaangalie.